Yadi, Tola na Guigoz: Vipimo vya Kila Siku katika Kiswahili cha Bukavu

Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kusini, ni mji wa mita na kilo. Haukupata kutawaliwa na Waingereza hata siku moja, na tangu enzi ya Wabelgiji, ulipokuwa ukiitwa Costermansville, vipimo vyake halali vimejengwa juu ya utaratibu wa mita. Ubelgiji yenyewe iliupokea utaratibu huo mapema kuliko nchi nyingi. Sheria ya mwaka 1816, iliyotungwa wakati Wabelgiji walikuwa bado chini ya Mfalme wa Uholanzi, iliufanya uwe wa lazima kuanzia mwaka 1820. Na mwaka 1875 Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizotia saini Mkataba wa Mita mjini Paris. Kwa hiyo mtu angetazamia kwamba yadi, inchi, wakia na galoni viwe kwa mkazi wa Bukavu maneno ya vitabuni tu, yatokayo Dar es Salaam au Nairobi.

Sivyo ilivyo. Mwanamke anayenunua kikwembe katika soko la Kadutu, baba anayeezeka nyumba huko Bagira, fundi anayeunga bomba la maji Ibanda, na mchimbaji ashukaye kutoka Kamituga na chembe zake za dhahabu, wote hutumia vipimo vya Kiingereza, na aghalabu hawajui kuwa ni vya Kiingereza. Vimevaa majina mengine, au vimejificha ndani ya kilo na mita. Jambo hili lina maana kwa mwanafunzi wa lugha, kwa sababu maneno ya vipimo ni mahali ambapo Kiswahili cha mashariki ya Kongo na Kiswahili Sanifu vimeachana kwa namna inayoweza kumtia mtu hasara ya mali.

Kamati mbili za mipaka

Kiswahili kilipofika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, kilikuja na vipimo vyake. Urefu ulipimwa kwa mwili: wanda, yaani upana wa kidole, shibiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, dhiraa au mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima, yaani dhiraa nne. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo huko Unguja ilikuwa na uzito wa ratili 35 au 36, takriban kilo 16. Anayesoma maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe, atakuta utajiri wake ukihesabiwa kwa frasila.

Baadaye mipaka ya wakoloni ilipasua eneo hili kwa namna mbili tofauti za kupima. Kongo ilipata mita na kilo. Rwanda na Burundi, kwanza chini ya Wajerumani na kisha chini ya Wabelgiji, zilipata mita na kilo vilevile. Tanganyika ilianza na mita wakati wa Wajerumani, ikaingizwa katika futi na pauni na Waingereza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha ikarudi kwenye mita baada ya uhuru. Kenya na Uganda nazo zilitumia vipimo vya Kiingereza mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya kuviacha ilipoanza.

Sasa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa kamati ya nchi nne tu: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwamo. Kamusi zilizotoka chini ya uangalizi wake mwaka 1939 zilisanifisha lugha ya watu waliokuwa wakipima kwa inchi, futi, yadi, maili, ekari, galoni na pauni. Na maneno hayo yakapata uraia kamili wa Kiswahili. Ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili kilichosemwa Bukavu kilichukua vipimo vyake moja kwa moja kutoka Kifaransa: metre, santimetre, litre, tone, are, ektare. Kilo peke yake ndiyo iliyofika pande zote mbili katika umbo moja.

Reli zinatoa mfano wa kuchekesha kidogo wa jinsi mipaka hiyo isivyofuata mantiki. Reli ya Uganda, iliyojengwa na Waingereza waliokuwa wakipima kila kitu kwa futi, ina upana wa mita moja kamili. Reli za Katanga katika Kongo ya Wabelgiji, waliokuwa wakipima kila kitu kwa mita, zina upana wa futi tatu na inchi sita.

Kikwembe ni shuka

Kitambaa cha kitenge, ambacho Bukavu huitwa kikwembe na kwa Kifaransa pagne, huuzwa kwa mafungu. Kikwembe kimoja ni nguo ya kujifunga kiunoni. Vikwembe vitatu hufanya fungu la kushonea mavazi kamili ya mwanamke: sketi, blauzi, na kipande cha kujitanda au kubebea mtoto. Vikwembe sita hufanya fungu kubwa zaidi, ambalo mara nyingi ndugu au wanachama wa kikundi hugawana ili kuvaa sare katika harusi au msiba. Maandishi ya kiwandani juu ya kitambaa hutaja yadi 6 au yadi 12, iwe kimetoka Uholanzi au China. Hivyo kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani sentimita 183 kasoro kidogo.

Ukubwa huu wa yadi 2 haukubuniwa na viwanda vya leo. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, kipande cha msingi cha merikani au kaniki kilikuwa shuka, chenye urefu wa dhiraa nne. Na dhiraa nne zilihesabiwa kuwa sawa na yadi 2. Shuka mbili zilifanya doti. Hongo ililipwa kwa shuka, mapagazi walilipwa kwa shuka, chakula njiani kilinunuliwa kwa shuka. Kwa hiyo mama wa Kadutu anapodai kikwembe chake kiwe kamili, anadai kipimo kilekile ambacho machifu wa barabara ya Ujiji walikidai zaidi ya miaka 150 iliyopita. Na hata namna ya kukikagua ni ileile, kwani hakuna rula. Hukikunja na kukinyoosha kutoka mkono hadi mkono.

Hapo ndipo tofauti ya mita na yadi inapokuwa si jambo la darasani. Yadi 6 ni mita 5 na sentimita 49 kasoro kidogo. Muuzaji akimkatia mteja mita 5 na kuziita fungu la vikwembe vitatu, amempunguzia karibu sentimita 49, ambazo ni zaidi ya robo ya kikwembe. Mshonaji ataligundua jambo hilo anapofika kwenye mikono ya blauzi. Watu wa pwani wa zamani walikuwa na ujanja wa aina hiyohiyo: walitofautisha dhiraa kamili, iliyofika ncha ya kidole, na dhiraa konde, iliyoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Ilimpasa mnunuzi kuuliza mapema ni ipi.

Mshonaji mwenyewe, kwa upande wake, yuko katikati. Utepe wake wa kupimia una sentimita 150 upande mmoja na inchi 60 upande wa pili. Bukavu husoma upande wa sentimita; mwenzake wa Kampala husoma upande wa inchi. Lakini suruali za mitumba hufika zimeandikwa 32 au 34, ambazo ni inchi za kiuno, na viatu hufika vimeandikwa 42 kutoka Ulaya bara au 8 kutoka Uingereza. Hesabu ya kwanza huongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, na ya pili kwa theluthi moja ya inchi. Wauzaji wa viatu hawajali sana hesabu hizo. Humvalisha mteja.

Herufi mbili juu ya bati

Nyumba nyingi za Bukavu zimeezekwa kwa mabati, ambayo wengi huko huyaita manjanja. Mvua katika milima hii hunyesha kwa muda mrefu, kuanzia Septemba hadi Mei, na unene wa bati ndio unaoamua paa litadumu miaka mingapi. Bati huuzwa kwa namba: BG 28, BG 30, BG 32. Herufi hizo hutamkwa kwa Kifaransa, na mnunuzi huzichukua kuwa alama ya kiwanda au daraja la ubora. Kwa kweli ni ufupisho wa kipimo cha Birmingham, mji wa viwanda vya chuma wa Uingereza.

Namba za aina hii asili yake ni ufuaji wa nyaya: zilihesabu ni mara ngapi waya umevutwa katika matundu membamba zaidi na zaidi. Ndiyo maana huenda kinyume cha akili ya kawaida. Namba ikipanda, unene hushuka. BG 28 ni takriban milimita 0.40, BG 30 ni 0.31, na BG 32 ni 0.25. Mtu asiyejua hilo huweza kuamini kwamba 32 ni bora kuliko 28 kwa kuwa ni kubwa zaidi, na muuzaji asiye mwaminifu hana haja ya kusema uongo. Humwacha tu mteja aendelee kuamini. Kisha kuna hila nyingine, ambayo ni kuandika 28 juu ya bati la 30. Tofauti yao haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho haliioni. Huonekana miaka michache baadaye, dari linapovuja.

Kama bati lingeuzwa kwa milimita, namba kubwa ingekuwa na maana ya bati nene, na mtoto wa shule angeweza kumsaidia mama yake kuchagua. Hapa hapana budi kukiri kwamba utaratibu wa mita, pamoja na sifa zake zote, haujapenya mahali palipokuwa na haja nao zaidi.

Mabomba ya maji nayo yana kisa chake, ingawa si kirefu. Fundi huomba bomba la nusu inchi au la robo tatu, akitumia neno la Kifaransa pouce, ambalo maana yake ni kidole gumba. Lakini ukipima bomba la chuma la nusu inchi, hutakuta nusu inchi popote: nje lina milimita 21 hivi, na ndani 15 au 16. Namba hiyo imekuwa jina tu. Vivyo hivyo kwa kioo cha televisheni, ambacho hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe. Na kwa tairi la gari, ambalo ni chotara kamili, kwani katika maandishi 195/65 R15 namba ya kwanza ni milimita za upana, na ya mwisho ni inchi za gurudumu. Rubani anayetua Kavumu, kiwanja cha ndege kilichoko mita 1,720 hivi juu ya usawa wa bahari, husoma katika chombo chake futi 5,600 na zaidi. Misumari, kwa upande mwingine, imebaki ya Kifaransa. Msumari wa 10 wa Bukavu ni wa sentimita 10, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda ndugu yake huitwa msumari wa inchi nne.

Kilo zenye moyo wa pauni

Kuna vipimo vingine ambavyo juu yake pameandikwa kilo, na ndani yake mna pauni. Robota la nguo za mitumba, ambalo Bukavu huitwa balo, kwa kawaida lina kilo 45. Kwa nini 45, na si 40 au 50? Kwa sababu pauni 100 ni kilo 45.36. Gunia la mahindi la Kenya ni kilo 90, kwa sababu zamani lilikuwa pauni 200. Pipa la chuma la mafuta huitwa la lita 200, ingawa hubeba lita 208, kwa sababu lilipimwa kwa galoni 55 za Marekani. Debe, neno lililokuja kutoka India na kuenea Afrika Mashariki yote, lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18. Na leo nafasi yake imechukuliwa na bidoni la plastiki la lita 20, ambalo katika vinywa vya watu wengi huko Tanzania bado huitwa debe.

Mtu asiyejua historia hii huziona namba hizi kuwa za ovyo, na mara nyingine huzirekebisha kwa makosa. Mfanyabiashara anayenunua mahindi kwa gunia kutoka mashariki na kuyauza kwa gunia Bukavu hana budi kujua ni gunia gani, la 90 au la 100. Tanzania imekuwa na mapambano ya miaka mingi dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Jina lenyewe, gunia, halina uzito. Ni chombo.

Chombo kinachoitwa kipimo

Na hapo ndipo ulipo moyo wa mambo katika masoko ya Bukavu, kwa maana vipimo vinavyotumika huko kwa chakula si vya mita wala vya Kiingereza. Maharage, mchele, unga wa muhogo na wa mahindi hupimwa kwa kopo la maziwa ya watoto ya Guigoz, ambayo ni maziwa ya unga yenye asili ya Uswisi. Jina la maziwa limekuwa jina la kipimo: mtu hununua Guigoz mbili za maharage bila kufikiria mtoto mchanga wala ng'ombe. Mafuta ya mawese hupimwa kwa bidoni la lita 20, na kwa rejareja kwa chupa ya bia ya Primus yenye sentilita 72. Chupa hiyo hutengenezewa bia na kiwanda cha Bralima, na baada ya bia kwisha huanza maisha ya pili kama kipimo cha mawese, asali na petroli.

Itakuwa kosa kulidharau kopo hili. Kwanza, linaonekana. Mnunuzi asiyejua kusoma namba za mizani hujua kama kopo limejaa au halikujaa, na hujua kama kilele cha juu kimeachwa au kimefagiliwa kwa kiganja. Pili, bei ya Guigoz moja ni habari ambayo mji mzima huielewa mara moja. Barabara ya Uvira ikikatika, bei hiyo ndiyo hutangulia kusimulia. Udhaifu wake ni mbili. Kopo hupimia ujazo, si uzito, hata kopo moja la maharage likawa zito kuliko kopo lilelile la unga, na maharage mabichi yakawa na uzito tofauti na makavu. Na chini ya kopo huweza kugongwa nyundo ili liinuke ndani, jambo ambalo mnunuzi mwangalifu hulitafuta kwa kupitisha vidole kabla ya kulipa. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, maarufu kwa herufi OCC, ina mamlaka ya kukagua mizani. Kopo si mizani.

Kiswahili cha zamani kilikijua chombo hiki kwa jina la kibaba, na ndiyo sababu methali ya haba na haba inaeleweka Bukavu ingawa kibaba chenyewe hakionekani tena. Wakristo wa mjini hukikuta pia katika Biblia ya mwaka 1952, katika Ufunuo 6:6, ambapo kibaba cha ngano kimewekewa bei ya nusu rupia. Yafaa kuikumbuka rupia hiyo, kwa sababu itarudi hivi punde.

Tola

Katika vipimo vyote vya Kiingereza vilivyoko Bukavu, kimoja kina uzito kuliko vingine, na hicho ni tola. Bukavu ni soko la dhahabu ya Kivu ya Kusini: ya Kamituga na Lugushwa katika eneo la Mwenga, ya Mukungwe huko Walungu, na ya vijito visivyo na majina katika ramani. Dhahabu hiyo hupita mikono mingi, na karibu kila mkono una kipimo chake.

Mchimbaji huuza kidogo kidogo, kwa sababu hula kila siku. Kipande chake huwekwa upande mmoja wa mizani ndogo ya mkononi, na upande wa pili huwekwa njiti za kiberiti, au sarafu ya zamani ambayo haina tena thamani ya fedha. Mnunuzi wa kwanza humpelekea mfanyabiashara mkubwa zaidi, ambaye huhesabu kwa tola. Duka la dhahabu la mjini hupima kwa gramu, katika mizani ya umeme. Na bei ambayo wote hao huifuata hutangazwa London kwa dola za Marekani kwa kila wakia ya dhahabu, yenye gramu 31.10.

Tola ni kipimo cha India. Mwaka 1833 serikali ya Waingereza huko India iliiweka kuwa chembe 180 za Kiingereza, yaani gramu 11.66, ambazo ni sawasawa na sehemu tatu za nane za wakia ya dhahabu. Rupia ya fedha ya India ilipigwa iwe na uzito wa tola moja kamili. Rupia hiyo ndiyo iliyotawala biashara ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Na Wajerumani walipotoa rupia yao wenyewe kwa ajili ya koloni lao la Afrika Mashariki, waliipa uzito uleule wa gramu 11.66. Rupia ya kibaba cha ngano na tola ya dhahabu ya Kamituga ni kitu kimoja.

Wala si mara ya kwanza sarafu kuwa jiwe la mizani katika ulimwengu wa Waswahili. Wakia ya Unguja ilikuwa uzito wa reale ya fedha ya Maria Theresa, takriban gramu 28. Wakia 16 zilifanya ratili, na ratili 36 zilifanya frasila. Sarafu ilifaa kazi hiyo kwa sababu uzito wake ulijulikana na kila mtu, na kwa sababu kuikata ukingo kungeonekana. Sarafu za Zaire zilizostaafu, ambazo leo hulala katika vikombe vya mizani za machimboni, hazina sifa hiyo. Zilipigwa ziwe fedha, hazikupigwa ziwe mawe ya mizani, na mwenye kuzishika ni mnunuzi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: sarafu yenye uzito wa gramu 1.2 ikihesabiwa kuwa gramu 1, mchimbaji ametoa bure sehemu moja ya sita ya dhahabu yake, naye hatajua. Njiti ya kiberiti ni mbaya zaidi, kwani ikinyonya unyevu huongeza uzito, na hakuna njiti mbili zilizo sawa.

Kwa nini basi mchimbaji asidai gramu? Baadhi hudai, na mizani ndogo za umeme zimekuwa zikiongezeka. Lakini mnunuzi wa kwanza mara nyingi ndiye pia aliyemkopesha chakula, jembe na mafuta ya pampu, na mwenye deni hachagui mizani. Kipimo hapo kimekuwa sehemu ya mkopo.

Wakia ipi?

Kwa mfasiri wa Kiswahili, suala la dhahabu linaonyesha tatizo ambalo kamusi hazijalitatua. Habari za bei ya dhahabu zinapoandikwa kwa Kiswahili Sanifu, kipimo cha London huitwa wakia, au aunsi. Lakini wakia ya kamusi ni ya pwani, yenye gramu 28 na kidogo. Na aunsi ya kawaida ya Kiingereza, ambayo ni sehemu ya 16 ya pauni, ina gramu 28.35. Wakia ya dhahabu ina gramu 31.10. Tofauti ni karibu asilimia kumi. Msomaji wa Bukavu anayegawanya bei ya London kwa 28 ili apate bei ya gramu atapata bei ya juu kuliko ya kweli, atamshuku mnunuzi mwaminifu kuwa mwizi, na huenda akamkimbilia mwizi wa kweli. Ingefaa maandishi ya aina hii yaseme wazi "wakia ya dhahabu (gramu 31.10)", hata kama sentensi itakosa wepesi.

Ekari ina hatari ya namna hiyo. Vijitabu vya kilimo vinavyotoka Tanzania huzungumzia ekari, kipande cha ardhi ambacho wakulima hukipima kwa hatua 70 kwa 70, na ambacho ni mita za mraba 4,047. Hati za ardhi za Kongo hutaja are na hekta. Mkulima wa Kabare akisoma kwamba ekari moja huhitaji kiasi fulani cha mbolea, na akaidhani ekari kuwa ni tamko la Kiswahili la hekta (maneno hayo yanafanana vya kutosha kumpoteza mtu), ataweka mbolea pungufu kwa mara mbili na nusu. Pauni nayo huchanganywa na livre, ambayo kwa desturi ya wauzaji wa Kifaransa ni nusu kilo, si gramu 454. Tani ya zamani ya Kiingereza ilikuwa kilo 1,016.

Lakini kinachosumbua zaidi ni kitu kidogo kuliko neno, nacho ni alama. Shule za Kongo hufuata Kifaransa: mkato hutenga desimali, na nukta, au nafasi tupu, hutenga maelfu. Mtoto husoma "metre moya virgule tano" na kuandika 1,5. Shule za Tanzania, Kenya na Uganda hufanya kinyume: mtoto husema "moja nukta tano" na kuandika 1.5. Hivyo 1,500 ya Dar es Salaam ni elfu moja na mia tano. Mbele ya macho ya karani wa Bukavu, ni moja na nusu iliyoandikwa kwa uangalifu wa kupita kiasi. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi zinazovuka daraja la Ruzizi na zile zinazokuja kutoka Mombasa na Dar es Salaam huandikwa na watu wa desturi zote mbili, mara nyingine katika jedwali moja. Katika tamko la forodha, kosa la mkato mmoja huonekana mara moja, kwani hakuna lori libebalo kilo moja na nusu ya saruji. Katika maelekezo ya dawa ya mtoto, ambapo 1,250 na 1.250 zote mbili huweza kupita kama miligramu, halionekani. Na kijitabu kinachofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya nchi zote hizi hakina njia salama isipokuwa kuandika kiasi hicho kwa maneno.